Dari ni ya Wote

Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025. Alfajiri ukungu mwembamba bondeni; baada ya hapo jua kali, hakuna upepo. Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda upande wa Buhigwe. Mvua bado.

Asubuhi hiyo lori dogo lililotoka Kibondo lilisimama mbele ya jengo letu hapa Kasulu. Juu yake kulikuwa na mashine ya kiyoyozi iliyofunikwa turubai, mabomba mapana ya bati jepesi, na fundi aitwaye Pasikali, aliyekuwa ameyakumbatia mabomba hayo njia nzima ili yasirushwe na matuta. Mzigo ulikuwa wa Tunu Athuman, ambaye wengi humwita Mama Mwanaheri, fundi cherehani, mwenye nyumba ya ghorofa ya juu upande wa barabarani.

Mzigo haukufika hata kwenye ngazi. Bwana Ndayisaba, mwenyekiti wa umoja wa wenye jengo, alitoka kwenye ghala lake la maharage akijifuta vumbi mikononi.

"Mwakeye, fundi. Hayo mabomba yanaenda wapi?"

"Mwakeye, mzee. Yanaenda kwa Mama Mwanaheri. Yanapita juu ya siling bodi, chumba hadi chumba. Mashine moja, baridi nyumba nzima."

"Juu ya siling bodi ndiyo darini?"

"Ndiyo, darini."

"Basi rudishia turubai, ndugu yangu. Dari si ya Mama Mwanaheri. Dari ni ya wote."

Pasikali alicheka akidhani ni utani wa Waha. Alipoona mzee hacheki, aliacha.

Jengo hili lilijengwa na wafanyabiashara waliochanga, na kila mmoja ana hati ya sehemu yake. Vitu kama ngazi, tenki la maji na kuta za nje ni vya pamoja. Kanuni za kuishi humo aliziandika marehemu Saady, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Pangani aliyekuja huku kijana na akazikwa hukuhuku. Ndani ya kanuni hizo kuna sentensi moja ambayo kila mwenye nyumba aliijua kwa moyo: Dari ni mali ya wenye jengo wote, na mtu hataweka kitu chake darini bila idhini ya kila mwenye sehemu.

Kila mwenye sehemu, si wengi wao. Hapo ndipo penye mfupa. Wenye nyumba ni wanne. Tunu na Ndayisaba wako juu, mlango kwa mlango. Chini yao yuko Bi Kuruthumu, mjane wa Saady, ambaye wakati huo alikuwa Pangani kwa watoto wake. Wa nne ni Hashimu. Huyo alivuka kwenda Kongo kibiashara, akafunga nyumba yake kwa kufuli, na namba yake ya simu haijapatikana hadi leo. Idhini ya Hashimu haikuwa kitu cha kuombwa. Hapakuwa na wa kuombwa.

Mabomba yakawekwa nyuma ya duka ninalopanga hapo chini, na Pasikali akaenda kutafuta gesti.

Tunu alizaliwa hapa mjini, binti wa Athuman aliyekuwa akiuza chumvi na vitenge katika masoko ya mpakani hadi Munanila. Alijifunza cherehani kwa shangazi yake. Aliolewa, akaachika, akalea binti mmoja, Mwanaheri. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, makoti ya madereva wa bodaboda. Nyumba ile ya juu aliinunua kwa kushona, na hilo hakulisema sana, ila mtu akimwita mpangaji alimsahihisha papo hapo.

Kisha jiko la mchina lilimlipukia jikoni. Mafuta ya taa yalikuwa yamechanganywa na petroli na muuzaji asiyejulikana. Mgongo, mikono yote miwili na shingo viliungua, na alikaa hospitali Mwanza mpaka wenzake wa jumuiya ya akina mama wakazoea kumwombea bila kumtaja jina. Alirudi hai na akarudi kwenye cherehani. Lakini ngozi yenye kovu haitoi jasho. Mwili wa mtu mwingine ukipata joto hujimwagia maji wenyewe. Wa Tunu hubaki na joto lake ndani kama chungu kilichofunikwa.

Watu wa mbali husikia Kasulu ni nyanda za juu, wakadhani hatujui joto. Asubuhi na usiku tunavaa sweta, ni kweli. Lakini juu ya nyumba ya Tunu hakuna paa la bati wala mti. Kuna zege tupu, na nondo zimeachwa zimesimama kungojea ghorofa nyingine ambayo haijajengwa. Zege lile likipigwa na jua la Septemba na Oktoba hushika moto mchana kutwa. Tunu alikuwa akilowesha kanga mbili, moja mwilini na moja kwenye ndoo ikingoja zamu. Pangaboi lilimpulizia hewa ileile ya moto. Kazi aliyoifanya kwa raha ni ile ya roshani tu, penye kivuli na hewa kidogo: alikaa pale akitia vifungo na kupiga lisani za mashati kwa mkono, huku akijibu salamu za barabarani.

Oktoba ya mwaka jana alizimia juu ya cherehani. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya kola ya shati la mtu. Mwanaheri, anayefanya kazi Kibondo na kukaa huko na mumewe, alikuja akamwuguza, na wakati wa kuondoka akasema mbele yangu, "Mama, mwaka huu nimekuacha. Mwakani ukianguka tena nakuja na gari, sikuulizi. Nyumba yangu ipo chini, ina miti, chumba chako nimeshakipaka rangi."

"Na wateja wangu umewapaka rangi?" Tunu alimjibu.

Lakini aliogopa. Kibondo angekula vizuri na kulala vizuri na kulea wajukuu, na cherehani ingekaa pembeni imefunikwa kitambaa. Hivyo Mwanaheri aliposikia kwamba shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi linafunga ofisi yake Kibondo na kunadi vitu, alienda mnadani, akarudi na mashine ile ya kupoza ofisi nzima. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyejua ataifunga wapi. "Hii ndiyo nafasi yako ya mwisho, mama," alisema kwenye simu. "Ikishindikana, njoo."

Jioni ile ya Jumamosi Tunu alibisha hodi mlango wa pili. Ndayisaba alimkaribisha vizuri, na mkewe, Jeanne, akaleta chai ya maziwa. Ndayisaba ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia, na mtu aliyengoja karatasi kwa miaka mingi huwa haichezei karatasi.

"Mama Mwanaheri, usidhani nakuchukia," alisema.

"Sidhani hivyo, mzee. Nadhani nitakufa."

"Usiseme hivyo."

"Nikuambieje? Ukipika ugali, mvuke unatoka. Mimi sitoi."

Ndayisaba alisimama, akamshika Tunu kiwiko juu ya kanga, akampeleka jikoni na kunyoosha kidole juu. Siling bodi ya jikoni ilikuwa na doa kubwa la rangi ya chai, katikati imebonyea kama tumbo, na ubao mmoja ulikuwa umeachana na misumari. Chini yake paliwekwa beseni.

"Maji ya mvua yalipenya kwenye zege, masika ya mwaka juzi," alisema. "Fundi alitaka kufungua. Nikamwambia hapana. Nitaomba idhini kwa nani, kwa Hashimu? Mimi mwenyekiti, nikianza mimi kuigusa dari, kesho nitamzuia nani?"

Jeanne alikuwa mlangoni na birika. "Mwulize tena, Mama Mwanaheri. Mwulize ugali wangu una ladha gani. Mwaka wa pili huu napika nimeinamisha kichwa kama naingia kanisani."

"Jeanne."

"Jeanne nini? Si dari ya wote? Basi waje wote waitazame."

Tunu aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipokata tamaa. Angekuwa anagombana na mtu mkorofi, angejua pa kushika. Lakini mtu anayekaa chini ya ubao unaotaka kumwangukia kwa ajili ya kanuni, huyo utamwambia nini? Alirudi kwake akaanza kupanga vitambaa vya wateja, vya kumaliza kwanza na vya kurudisha.

Bi Kuruthumu alirudi kutoka Pangani siku ya Alhamisi, amechoka na safari, na vipande vya samaki mkavu ndani ya mfuko. Alikuta mabomba nyuma ya duka langu, akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja ambalo sikulielewa: "Kwani anataka kuyapandisha darini?" Nikasema ndiyo, ndiyo shida yenyewe. Akaguna. Jumamosi akatuma ujumbe kwa wote, na mimi pia kwa kuwa ndiye ninayewaandikia mihtasari: Kesho baada ya ibada zenu tukutane darini, nina neno.

Jeanne aliusoma ujumbe ule kwa sauti ngazini. "Tukutane darini! Sisi panya?"

"Ana maana tukutane kwa Mama Mwanaheri," Ndayisaba alisema. "Chini ya dari inayobishaniwa."

Ikaonekana ni hekima. Jumapili mchana tulikusanyika sebuleni kwa Tunu: mwenyekiti na mkewe, Pasikali fundi, mimi, na Tunu mwenyewe na kanga yake mbichi. Tulikaa. Joto lilikuwa linashuka kutoka juu kama mtu ameweka pasi kichwani. Tulitazama siling bodi kwa muda, kwa kuwa ndiyo tuliyoitiwa. Bi Kuruthumu hakuja. Mwisho simu ya Tunu ikalia, akaiweka kwenye sauti ya nje.

"Nyinyi mko wapi?" Bi Kuruthumu alikuwa akihema. "Nimetandika mkeka, nimeshika mwavuli, jua linanikaanga peke yangu kama dagaa!"

"Tuko hapa, bibi. Tunakungoja."

"Hapa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Tunaitazama dari."

"Mnaitazama kwa chini?"

"Tuitazame kwa wapi, bibi?"

"Jamani! Pandeni huku! Darini nimesema, darini!"

Hiyo 'darini' ya pili ilitufikia si kwa simu tu, bali pia kupitia dirishani, kutoka juu ya vichwa vyetu.

Tulipanda ngazi ya chuma hadi juu ya zege. Bi Kuruthumu alikuwa ameketi katikati ya zile nondo, mwavuli mweusi mkononi, viatu amevivua kando ya mkeka. Alitutazama mmoja mmoja tukitokea.

"Karibuni darini," alisema.

Ndayisaba aliangalia miguu yake, kisha zege, kisha akageuka akaangalia barabara na mabati ya mji mzima chini.

"Hii ndiyo dari?" aliuliza.

"Unadhani ni nini, baba? Kwetu Pangani nyumba ya kizungu ina chini na ina dari. Mgeni akija anaambiwa panda darini. Nguo tunaanika darini. Saady aliandika Kiswahili cha kwao. Alikuwa anasema, siku moja tutajenga ghorofa nyingine hapa, sasa mtu asije akajimilikisha kwa kuweka banda la kuku. Ndiyo maana akaandika. Mimi nilikuwa nampikia chai, nilisikia."

"Na ile ya ndani? Ile ya bodi?"

"Ile siling bodi! Hiyo ya mtu na nyumba yake. Ipake rangi, itoboe ukitaka."

"Kwetu zote mbili ni igisenge," Ndayisaba alisema taratibu, kana kwamba anajieleza kwa mtu asiyekuwepo. "Neno moja. Nikasoma dari, nikaona igisenge cha ndani, kile ninachokiona kila siku."

Jeanne alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kanga mdomoni, ikashindikana, akakaa kwenye mkeka wa Bi Kuruthumu. "Miaka miwili! Beseni langu! Beseni langu la kufulia, bibi, limekaa chini ya kanuni ya Pangani!" Bi Kuruthumu naye akaanza. Hata Pasikali, ambaye hakuwa na haki ya kucheka nyumba za watu, aligeuza uso. Ndayisaba hakucheka, ila alipangusa jasho kwa kiganja akasema, "Jumatatu namwita fundi," na Jeanne akajibu, "Leo! Leo Jumapili hii hii!"

Tunu peke yake hakucheka wala kusema. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mwavuli, akimtazama Pasikali.

"Kwa hiyo mabomba yanapita," alisema.

"Yanapita, mama. Kesho naanza."

"Na mashine ya nje ulisema utaiweka wapi?"

Pasikali akaonyesha kwa kidevu, pale pale zege lilipo, karibu na nondo za kona. "Hapa."

Kicheko kilikwisha. Mashine kama hiyo ina sehemu mbili: ya ndani inayosukuma baridi kwenye mabomba, na ya nje inayotupa joto. Ya nje lazima ikae penye hewa ya wazi. Wote tulielewa kwa pamoja. Neno lililofungua siling bodi lilikuwa limefunga zege.

Ndayisaba ndiye aliyelazimika kulisema, na naona lilimwuma. "Kama hii ndiyo dari, basi hapa haiwekwi bila Hashimu."

"Umenishika kwa neno langu mwenyewe," Bi Kuruthumu alisema. "Lakini jamani, si tukubaliane tu? Hashimu akirudi tutamwambia."

Kila mtu alimgeukia mwenyekiti. Mtu mwingine angekubali, hasa baada ya kuchekwa. Yeye alizungusha pete yake kidoleni.

"Bibi, Hashimu akirudi akakuta mashine juu ya mali yake, atauliza nani aliruhusu. Nitasema mimi. Kisha yeye ataleta banda lake la kuku, nami sitakuwa na mdomo. Mama Mwanaheri, nisamehe. Mahali pengine popote nitakushikia ngazi mimi mwenyewe."

Tunu alikuwa ameshaanza kufikiri. Alimwuliza Pasikali, "Roshani?"

"Roshani yako?" Pasikali alishuka nusu ya ngazi, akachungulia, akarudi. "Inakaa. Ila nyavu ya chuma ya mbele lazima itoke ili mashine ipumue, na itajaa ukuta hadi ukuta. Hata kigoda hutaweka. Na itakuwa inavuma."

"Roshani ni ya nani, bibi?"

"Roshani ni ya mwenye nyumba," Bi Kuruthumu alisema. "Hiyo Saady aliiita roshani, na kila mtu anajua roshani ni nini." Aliuvuta mkono wa Tunu. "Lakini pale ndipo unapokaa, mwanangu. Nani atanijibu salamu nikitoka sokoni?"

"Piga simu, bibi," Tunu alisema. Kisha kwa fundi: "Itoe nyavu."

Palibaki jambo moja dogo. Mashine hutoa maji, na maji ya roshani ya Tunu yangemwagikia kwenye roshani ya chini, ya Bi Kuruthumu. Walilimaliza palepale juu ya mkeka: bomba jembamba litashushwa hadi kwenye pipa la Bi Kuruthumu, na maji yatakuwa yake, ya kupigia deki. "Nikiyachoka nitakuuzia," alisema.

Pasikali alifanya kazi wiki hiyo yote. Ndayisaba alishika ngazi kama alivyoahidi, na kwa kuwa fundi alikuwa hapo, siling bodi ya jikoni kwake iliondolewa ikawekwa mpya. Ndani ya nyumba ya Tunu mabomba yalifungwa juu, bodi zikarudishwa, na katika kila chumba kikabaki kidirisha kimoja cha mraba chenye vijiti vya bati. Kigoda cha roshani, kikapu cha vifungo na taa ndogo vilihamia ukutani karibu na cherehani, mahali ambapo barabara haionekani.

Mashine iliwashwa Jumamosi jioni. Ilivuma, ikatetemeka kidogo, kisha kukawa na sauti kama ya mtu anayepumua kwa pua. Tunu alisimama chini ya kidirisha cha chumba cha kazi, amenyanyua uso, kanga kavu mabegani. Alimpigia Mwanaheri simu akamwambia maneno machache: rangi ile ya chumba ilikuwa nzuri, wampangishe mtu, au wamweke mtoto mkubwa alale humo. Mwanaheri aliuliza kama ana uhakika. Tunu alisema sikiliza, akainua simu kuelekea juu.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, kulikuwa na baridi yetu ya kawaida, na Tunu aliizima mashine akavaa sweta. Jua lilipolifikia zege, akaiwasha, akafunga madirisha. Jeanne alibisha hodi akitoka ibada ya kwanza, na majora mawili ya kitambaa cha zambarau kichwani: kwaya yao ilitaka magauni kabla ya mwisho wa Oktoba. Kazi kubwa kama hiyo katika miezi ya joto Tunu hakuwa ameipokea tangu alipoungua. Alichukua futi ya kupimia shingoni, akamwambia Jeanne avue kitenge cha juu anyooshe mikono, akaanza kumpima mabega.